Kufuli Namba Sitini na Moja

Najua sifa yangu. Mwaka jana nilimwaminisha mwalimu wa jiografia kwamba Tanga kuna pengwini, akaandika ubaoni. Kwa hiyo kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize, halafu unisikilize. Hili sikulitunga. Ningekuwa nimelitunga, ningejifanya shujaa, na utaona mwenyewe kwamba shujaa humu hayumo.

Tunakaa Alby, pembezoni mwa Stockholm, Uswidi, ghorofa ya tano, mimi na mama. Mama ananisemesha Kiswahili, mimi namjibu Kiswidi, anakasirika, tunakula. Jengo lina watu wa kila nchi na wanagombania kila kitu, ila sheria moja wote wanaiheshimu. Chini kabisa kuna chumba cha kufulia cha jengo zima. Pembeni mwa mlango pana ubao wenye matundu, tundu moja kwa kila zamu ya kila siku ya wiki, na kila nyumba ina kufuli yake ndogo yenye namba. Unachomeka kufuli yako kwenye zamu unayoitaka, unafunga, unaondoka na ufunguo. Muda huo ni wako. Unaweza kumtukana jirani leo na kesho mkasalimiana, lakini gusa kufuli yake uone. Kuna mama mmoja wa ghorofa ya pili, mlokole kabisa, nilimwona kwa macho yangu akimcharaza mwanamume mzima kwa shuka bichi kwa sababu ya dakika kumi.

Jengo lina nyumba sitini. Kufuli ziko sitini na moja.

Ile ya sitini na moja ilikaa siku zote Alhamisi, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Hakuna aliyefua muda ule. Hakuna aliyeuliza. Mimi nilidhani ni masihara ya mtu aliyenitangulia kuzaliwa.

Sasa, Jumamosi moja ya mwezi wa Desemba Watanzania na Waganda walikodi ukumbi kule Jakobsberg kwa sherehe, na Wasswa alikuwa apige gitaa. Wasswa ni rafiki yangu, Mganda, anakaa Rågsved na mama yake. Walikimbia vita wakapitia Nairobi, ndiyo maana Kiswahili chake kina vumbi la Nairobi. Mkono wake wa kushoto ukitembea kwenye nyuzi unasema huyu mtu ana vidole saba. Mwalimu wa chuo cha muziki alikuwa ameahidi kuja kumsikiliza, na akimpenda, Januari Wasswa anaingia chuoni. Hakuwa na njia nyingine. Shuleni alikuwa anafeli hata uchoraji.

Mama aliniagiza tangu Jumapili: kaweke kufuli, mashati ya bendi yafuliwe. Nikasahau. Alhamisi saa nane tukatoroka shule, nikateremka na kapu, Wasswa nyuma yangu na sabuni, ubao umejaa mpaka Jumamosi. Basi nikatoa kijiko. Unaona, nilikuwa nimegundua zamani kwamba ufunguo wetu ukisukumwa na mpini wa kijiko unafungua kufuli yoyote.

"Wacha, bana," Wasswa akasema. "Hiyo si yako."

"Ni ya nani? Nitajie jina nimwandikie barua."

Nikaing'oa sitini na moja, nikaichomeka Jumapili saa moja asubuhi, wakati watu wako kanisani. "Akafue kanzu za malaika," nikasema. Nilijiona mchekeshaji.

Tukajaza mashine mbili. Kufika saa tisa nje giza lilikuwa limeshaingia; Desemba hapa jua linachungulia tu kama mdaiwa. Nikageuka kuchukua sabuni, na mtu alikuwa amekaa.

Niamini, mlango ule ni wa chuma na unalia kama ng'ombe. Haukulia.

Alikaa kando ya ile mashine ambayo Waswidi wanaiita mangel: magogo mawili mazito yanazunguka kwa umeme, unapitisha shuka katikati, upande wa pili linatoka limenyooka kama karatasi. Mzungu mrefu, kovu kwenye nyusi, koti la ngozi linachuruzika maji. Nje kulikuwa na barafu, si mvua. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Gitaa lilikuwa magotini.

"Mzee," nikamwambia, "mbona umeoga na nguo?"

Hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vya Wasswa. "Wewe unapiga," akasema. "Niazime mkono wa kushoto."

Na Wasswa, ambaye hukataa hata kuniazima kalamu, akaenda akachuchumaa kando yake, akashika shingo ya gitaa. Mzungu akapiga nyuzi kwa mkono wa kulia, Wasswa akabana kwa wa kushoto. Watu wawili, gitaa moja. Umewahi kusikia mtu analia huku anatembea? Ndivyo ulivyokuwa wimbo ule. Mashine zenyewe zikanyamaza, nazo zilikuwa bado zinazunguka.

Huku wakipiga akatueleza maisha yake. Jina lake Egon. Alizaliwa Bremen mabomu yakianguka. Baba hakurudi. Mpishi mmoja wa jeshi la Marekani, mtu mweusi kutoka kusini kwao, alimpa gitaa lenye nyuzi nne na kumfundisha blues, muziki wa huzuni wa watu wake, jikoni, kati ya masufuria. Alipokuwa kijana akapiga kwenye baa za mabaharia, na walevi wakamrushia chupa: Mjerumani wewe una huzuni gani ya kuimba? Chupa moja ikampasua nyusi. Akaiokota, akavunja shingo yake, akaivaa kidoleni, akaitelezesha juu ya nyuzi, akawaimbia na damu ikitiririka. Tangu siku hiyo wakamnyamazia.

Halafu akaja Stockholm, akakutana na Mswidi mpiga kinanda cha mdomo. Miaka tisa wawili hao: vilabu vya mji wa kale, meli za kiangazi, miji ya viwanda vya mbao kule kaskazini ambako watu wanapigana kwanza ndipo wanacheza. Sahani mbili za santuri. Ya tatu ilipokuwa tayari, Mswidi akataka jalada liwe na jina lake peke yake.

"Tulikuwa tunafua mashati ya onyesho," Egon akasema. "Hapa. Alhamisi. Tukagombana. Akauingiza mkono wangu humu, akabonyeza kitufe, akashikilia. Polisi walipokuja akawaambia nilikuwa nimelewa, niliuweka mwenyewe."

Akautoa mkono mfukoni.

Nisikudanganye kwamba nilipiga kelele. Ule mkono ulikuwa bapa. Vidole vitano, kucha tano, vyote vimelala kama glavu iliyopigwa pasi, na ukingoni unapepea kidogo kwa upepo wa mashine.

"Sasa," akasema, taratibu kabisa. "Nani amegusa kufuli yangu?"

Hapa ndipo ningekuwa shujaa, kama ningekuwa natunga. Mkono wangu wenyewe ukainuka. Kidole kikanyooka. Kikamwelekea Wasswa.

Wasswa alinitazama. Hakuwahi hata kushangaa vizuri, kwa sababu Egon alikuwa ameshamshika kifundo cha mkono wa kushoto. Kile kitu bapa kilimzunguka kama utambi, kikamvuta. Magogo yakaanza kuzunguka, na kitufe hakikubonyezwa na mtu. Nikasikia mfupa. Nimevunja vitu vingi maishani mwangu, madirisha, viti, kinyago cha mama, lakini sijawahi kusikia sauti ile, na Wasswa akapiga yowe la Kiganda, akimwita pacha wake Kato, ambaye yuko kaburini Kampala.

Nilimpiga yule mtu kwa kapu. Nikampiga kwa mti wa ufagio mpaka ukakatika. Alinishika shingo kwa mkono wa kulia, akanitupa kwenye kabati la kukaushia, na meno yangu mawili ya mbele yakabaki huko. Nikarudi. Akanitupa tena. Damu ya Wasswa ilikuwa inapita upande wa pili wa mashine, imelazwa vizuri, nyembamba kama rangi.

"Ni mimi!" nikalia. "Mimi ndiye niliyeihamisha! Mimi!"

Magogo yakasimama.

Egon akaniinamia. Maji ya koti lake yalinidondokea mdomoni, na yalikuwa ya ziwa, yana ladha ya matope. "Nilijua," akasema. "Nilitaka kukuona tu."

Hakuwepo tena. Ubaoni kufuli sitini na moja ilikuwa Alhamisi, mahali pake.

Umeshaanza kunisamehe? Subiri. Hospitalini nesi akauliza imekuwaje, nami nikajibu, mdomo umejaa pamba: "Alikuwa anachezea mashine. Aliuweka mwenyewe." Yalinitoka kabla sijajua ni maneno ya nani. Wasswa alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu. Akafumba macho.

Walimkata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Jumamosi sherehe ilifanyika. Mwalimu wa chuo akasubiri, akala pilau, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata, saa nane, nikiwa darasani, nikasikia gitaa. Mkono wa kulia peke yake, nyuzi tupu, hakuna anayezibana. Hakuna mwingine aliyesikia. Alhamisi ya pili vilevile, ila karibu zaidi, kama linapigwa chini ya dawati. Ya tatu nikafungua kiganja changu cha kushoto, na mistari haikuwepo. Ile mistari ambayo kila binadamu anayo. Imenyooshwa. Ngozi laini tupu kama shuka jipya.

Sikuaga hata mwalimu. Nilipanda treni ya chini, laini nyekundu, nikabadilisha nikapanda ya kijani mpaka Rågsved. Mama yake Wasswa, Nalongo tunamwita kwa heshima ya kuzaa pacha, alikuwa anasonga ugali. Nikapiga magoti jikoni kama wapigavyo kwao, nikamwambia yote. Mzungu, kijiko, kidole changu, uongo wangu kwa nesi. Sikuruka hata moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipiga kwa ule mwiko, na ugali wa moto juu yake. Mara mbili, kwa nguvu zake zote, sikioni. Nikangoja mengine. Akaurudisha mwiko sufuriani.

"Mama Nalongo, nipige tu," nikasema. "Mbona mara mbili?"

"Vidole ni viwili," akasema. "Simama, ukamwambie daktari. Na huyo mwalimu wa chuo."

Nilikwenda kote. Mwalimu wa chuo alisikitika sana, kwa adabu, na hakumchukua. Mzee Mfini anayetunza jengo letu ndiye aliyenimalizia kisa: Mjerumani alikuwa akilala kwenye chumba cha stoo, naye Mfini akampa kufuli ya kwake, ile ya sitini na moja, ili ajione mtu kama watu. Baada ya mkono kuharibika aliingia ziwani hapo nyuma, mwezi wa Desemba, na koti lake. Mfini hakuthubutu kuiondoa kufuli.

Gitaa silisikii tena. Mistari haijarudi; ukinikuta, omba nikufungulie kiganja, sitakutoza. Wasswa amevunja chupa, amevaa shingo yake kwenye kidole cha pete, na anapiga vitu ambavyo hakuna chuo kinachovifundisha. Nakwenda kumsikiliza. Ananikaribisha, ananipa chai. Aliniuliza mara moja tu, "Kwa nini mimi?" Nina jibu la kuchekesha kwa kila swali duniani; siku hiyo nilichukua vikombe, nikaenda kuviosha.

Kwa hiyo wewe unayesoma, muda wa mtu uache kwenye tundu lake, hata kama mwenyewe humjui, hata kama unadhani hayupo. Na siku ukiulizwa nani amefanya, sema mimi, mara ya kwanza. Mara ya pili ni bei ya vidole viwili, na si lazima viwe vyako.