Mama Farida Alikuwa Anamjua Bingwa

Jamani, leo nimedanganywa kweupe na wala sijachukia!

Mbio za mwisho za msimu kule Marekani, zile za magari ambayo matairi yako nje ya bodi, zilifanyika usiku tukiwa tumelala. Dereva ninayemshabikia mimi na wa rafiki yangu Mama Farida walikuwa wanagombea ubingwa, wamepishana pointi moja tu.

Nikazima simu nisisikie matokeo. Nikatoka Handeni mpaka dukani kwake Korogwe, tuangalie marudio.

Mama Farida alipiga kelele kunishinda. Tena anamshangilia wa kwangu!

Mzunguko wa mwisho, dereva wake akampita wangu. Bingwa!

Nageuka, mwenzangu katulia tuli.

"Kumbe ulijua?"

"Tangu asubuhi. Ulivyoingia na furaha ile, ningeanzaje kukwambia?"

Nimemkumbatia huku nacheka.

Mwakani tunachukua sisi, wekeni kumbukumbu.

Wewe ungesema, au ungenyamaza?