Mashua ya Mdachi Ilivyokwama Jibondo

Juzi nilishuka pwani kutazama mashua mpya ikiingizwa majini, nikarudi nyumbani nimenuna. Watu wanane tu kwenye kamba! Wengine wamekaa barazani wanacheza bao. Nikamkumbuka babu yangu mzaa baba, fundi wa vyombo hapa Jibondo tangu kabla Mdachi hajafika. Laiti angewaona!

Ngoja nikusimulie, mwenzangu. Kisiwa chetu kikavu, hilo unalijua. Maji ya kunywa tukiyafuata kisiwa kikubwa kwa mashua moja ya mji mzima. Bibi alitupimia kata asubuhi na kata jioni, na ukimwaga, kofi. Tulioga maji ya chumvi mpaka ngozi inabana. Lakini raha ilikuwepo, wallahi: pweza wa nazi, harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yaliyopakwa mbao, na tezo la babu likichonga mbao kutwa nzima, ko, ko, ko.

Mwaka ule babu alikuwa akimjengea mashua mkubwa mmoja wa Kidachi. Mkubwa huyo akaja na neno: Jibondo hapafai, tuhame sote tukafanye kazi katika mashamba ya minazi. Babu akamjibu kwa adabu, "Bwana, maji tunayafuata. Makaburi ya wazee wetu atayabeba nani?"

Lo! Mdachi akawaka. Askari wake wakaichukua mashua yetu ya maji, wakaenda kuifunga kisiwani Chole. Tutakunywa bahari, akasema, mpaka tuhame.

Siku ya tatu mitungi ilikuwa mikavu. Mdogo wangu analia, machozi hayatoki. Bibi akasema, "Mume wangu, watoto hawa."

"Nawaona," babu akajibu. "Kesho bamvua. Mdachi atakuja kushusha chombo chake majini."

Kwetu chombo hakishuki kwa amri. Mji mzima hualikwa, wake kwa waume, wakala, wakavuta pamoja, na wakati wenyewe ni maji makuu ya bamvua. Yakipita, ungoje nusu mwezi. Basi siku ile mji mzima ulifika pwani, ukaketi mchangani. Kamba imelala pale, hakuna mkono ulioigusa.

Mdachi akapiga kelele. Babu akasimama. "Mwenye kiu havuti kamba, bwana."

Askari wakavuta wenyewe. Mashua haikusogea hata shibiri, na sisi watoto tukacheka. Ndipo wakamlaza babu wakamchapa viboko, mbele ya wajukuu zake. Baba yangu akainuka kwa hasira. "Kaa!" babu akamwambia, uso mchangani. Baba akakaa. Bahari ikaanza kupwa.

Kesho yake mashua ya maji ilirudishwa. Bamvua iliyofuata, tukiwa tumekunywa tukashiba, tulimshushia Mdachi chombo chake, maana kazi ni kazi. Habari ya kuhama hakuirudia tena. Ikaja vita, akaondoka zake.

Babu alifia hapa hapa, mgongo una makovu. Nilimpenda mzee yule, nampenda mpaka leo. Kila nyumba ilitoa maji yake ya kunywa ili aoshwe, wakashinda na kiu, na sikusikia mtu akinung'unika. Watu wa namna hiyo wametuishia, nasema kweli. Lakini Jibondo ipo na sisi tupo. Atakayetaka kutuhamisha, na aje!