Bendera Iliyoogopa Upepo

Kazi ya Bwana Kitambaa ilikuwa kupandisha bendera nyekundu ufukweni kila redio ilipotangaza upepo mkali na mawimbi makubwa. Jina hilo alipewa na watani wake, likamganda hadi mkewe akawa halikumbuki vizuri lile la cheti cha ndoa.

Kazi nyepesi, ungedhani. Shida ni kwamba upepo mkali huchana bendera. Mkuu wa kituo wa zamani, mtu aliyeionea uchungu mali ya ofisi kuliko wanawe, alichoka kuomba bendera mpya. Akaamuru kwamba upepo ukianza tu kuvuma, bendera ishushwe, ikunjwe, ifungiwe kabatini mpaka hali itulie. Bwana Kitambaa alicheka kimoyomoyo, akatii. Na kwa kuwa alikuwa mvivu kidogo, hali ikitulia aliipandisha mapema ingoje tangazo lijalo, akaiacha hukohuko juu.

Watu nao si wajinga. Kibao kilisema nyekundu ni hatari, lakini wao waliisoma bendera kwa matendo yake. Ikiwa juu, walimu walileta wanafunzi kuogelea na nahodha wa boti ya abiria alipakia. Ikishuka, ufukwe mzima ulitimua mbio, mguu niponye. Hakuna aliyezama hata mmoja, na mkuu akapandishwa cheo kwa usimamizi bora.

Akaja mkuu mpya, kijana nadhifu wa kupiga pasi hadi soksi. Asubuhi moja redio ikatangaza dhoruba, na upepo ukaanza kuvuma saa hiyohiyo. Bwana Kitambaa akashika kamba, akaanza kuishusha bendera.

"Unafanya nini?" mkuu akamaka.

"Nawaonya watu, bosi."

"Kwa kushusha? Pandisha, na isiguswe!"

"Bosi, huku nyekundu ikiwa juu watu wanajua ni shwari."

"Nyekundu ni hatari dunia nzima!"

"Dunia nzima sawa. Hapa bado."

Mkuu hakuambilika. Akaishika kamba mwenyewe, bendera ikapanda mpaka ncha ya mlingoti. Waliokuwa wameanza kukunja mikeka wakaitazama, wakaikunjua. Mzee mmoja akavua koti la mvua, akaingia majini. Mkuu akachukua kipaza sauti: "Tazameni bendera! Jamani, tazameni bendera!" Wakaitazama, wakampungia mkono kwa shukrani.

Bwana Kitambaa alitaka kucheka, kisha akageuka upande wa bandari. Kule gatini nahodha alikuwa anapakia, na katika foleni ya boti alimwona mkewe na furushi la nguo za kichanga. Dada wa mkewe alikuwa amejifungua ng'ambo, na mkewe alikuwa hajalala kwa hamu ya kumbeba mtoto.

"Bosi, mke wangu anapanda ile boti!"

"Basi bendera itamzuia," mkuu akasema, na uso wake haukuwa na chembe ya utani.

Bwana Kitambaa akaipokonya kamba, akashusha. Ufukwe ukaanza kukimbia. Mkuu akaipokonya, akapandisha. Ufukwe ukarudi. Ikashuka, ikapanda, watu wakienda na kurudi huku wakigombana nani kasoma vibaya. Mkewe akaweka mguu botini.

Potelea mbali kazi, akasema moyoni. Akaiachia kamba, akakimbia. Kofia ikaenda zake, kiatu kimoja kikabaki mchangani, tumbo likamtangulia. Alipiga kelele, lakini upepo ulizirudisha mdomoni mwake. Alipofika barabara ya gati hakuona boti wala foleni, kwa kuwa jasho na mchanga vilimjaa machoni, na hofu aliyoisikia hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

Akagongana na mtu. Mkewe. Alikuwa anakuja mbio na furushi kichwani, akimburuta nahodha kwa mkanda wa suruali, na abiria wote nyuma yao.

"Umeona bendera imeshuka?" Bwana Kitambaa akauliza akihema.

"Bendera gani? Kwani mimi nina wakati wa kutazama vitambaa?" Mkewe alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. "Nimekuona wewe unakimbia! Baba watoto, tangu unioe sijakuona ukikimbia. Nyumba ya jirani iliwaka moto ukaenda kwa kutembea! Nikawaambia hawa, shukeni, bahari inakuja."

Nyuma yao, waogeleaji nao walikuwa wametoka majini, maana hakuna aliyetaka kubaki mahali palipomkimbiza Bwana Kitambaa. Mkuu alikuja mwisho, amekumbatia bendera.

Wimbi la kwanza kubwa likapanda juu ya gati, likaikata kamba ya boti, likaipindua. Ilikuwa tupu.

Bwana Kitambaa akakaa chini palepale barabarani, akamshika mkewe mguu, na akakataa kuuachia.