Seva Niliyoichagua Mimi

Leo simu yangu imelia tukifukia kaburi hapa kijijini Kaisho.

Nilitengeneza programu ya simu: nesi anatuma ombi, bodaboda wanaitwa wawabebe wajawazito.
Seva, kompyuta ya kupokea na kusambaza maombi, nikachagua ile niliyoizoea.
Kila simu inayosubiri ujumbe inakalia nafasi moja kwenye seva hiyo. Tulipojaribu watu watano, safi kabisa!

Leo asubuhi madereva wote waliiwasha programu, wakasubiri. Nafasi zikajaa.
Ombi la nesi la kumwitia mama mmoja bodaboda likakosa pa kuingia.
Mama huyo akaanza kutembea kwenda zahanati, akajifungulia njiani.
Mtoto hakulia.

Mchana, msibani, madereva wakazima simu kwa heshima. Nafasi zikafunguka.
Simu ya nesi ilikuwa bado inajaribu kutuma ombi lile lile la asubuhi.

Yangu, yenye programu hiyo pia, ikalia: “Mjamzito, Kaisho. Haraka.”

Bibi wa mtoto akausoma ujumbe huo akichungulia begani kwangu.
“Mwanangu, kuna mwingine tena?”

Nyie mngemjibu nini?