Gitaa la Umeme na Pipa la Maji

Kila nikipita Sirari na kuingia hotelini kunywa chai, sikai muda kabla yule mpiga gitaa hajatajwa. Redio ikipiga wimbo wake, mmoja atasema alijifunzia misheni. Mwingine ataapa kwamba alifundishwa Nairobi na Wakongo. Siku moja kijana aliyevaa fulana yenye picha yake aliniambia, "Yule alizaliwa anajua, mama. Vile vitu havifundishwi."

"Mwanangu," nikamjibu, "alikuwa hajui kabisa. Nyumba yake na yangu zilikuwa ubavu kwa ubavu."

Akacheka, akaagiza maandazi. Naandika basi niliyoyaona, kwa mpangilio wake.

Nilitoka kwetu Busawe nikaolewa upande wa Itiryo, wakati watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Zamani kila mji wa familia ulikuwa juu ya mlima wake pamoja na ng'ombe wake. Mtu aliweza kupiga ngoma kutwa nzima, wakamsikia ng'ombe tu. Kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja, zimebanana. Ukikohoa, jirani anakupa pole kutoka kwake.

Jirani yangu wa kulia alikuwa mzee mjane mwenye mtoto wa kiume ambaye hajaoa na binti aliyeolewa Gorong'a. Mzee huyo aliuchukua uhamisho kwa uchungu mwingi. Asubuhi nyingi alikwenda kwenye mahame yake kuangalia zizi lake la zamani. Ng'ombe waliotoka kwenye mahari ya binti yake ndio waliomfariji. Kwetu hao si ng'ombe wa kuchezea. Mahari ya dada humwoza kaka, na dada huyo huwa na sauti katika nyumba inayosimama kwa ng'ombe wake.

Mwanawe alivuka mpaka na mtamba mmoja kati ya hao, mzuri, mwekundu, mwenye mimba. Akarudi na gitaa.

Tulijaa uani kulitazama. Lilikuwa jembamba kama ubao wa kukatia nyama, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Wengi tulikuwa tumeyaona magitaa yenye tumbo. Hili halikuwa na tumbo wala tundu katikati, ila kitundu kidogo pembeni.

"Hapa ndipo pa kutia mafuta?" aliuliza mume wangu.

"Hapo ni pa waya, kaka. Hili ni la umeme."

"Na umeme wetu uko wapi?"

"Utakuja."

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Baba yake hakucheka. "Mura," alimwambia, kama tunavyomwita kijana aliyekwisha kutahiriwa, "umetoa mtamba mwenye ndama tumboni, umeniletea ubao."

Kwa kweli lile gitaa halikuwa na sauti ya kufika popote. Lililia kama nzi ndani ya kibuyu. Lakini kijana aligundua kwamba akiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao, mlango unaimba nalo. Ikawa kila jioni, akitoka shambani, anafunga mlango, anakaa nyuma yake juu ya kigoda na kuanza. Mimi nachambua ulezi uani kwangu, nanyamazisha watoto ili nisikie. Mke wa jirani wa kushoto naye anakuja na ulezi wake. Baada ya muda tulikuwa wanawake wengi wenye ulezi usiokwisha.

Alikuwa na kipande kimoja tu. Alikianza vizuri, akapanda, na pale juu kabisa kidole kilikwama. Anarudi mwanzo. Anakwama palepale. Tulipajua mahali pale kama tunavyojua shimo la njiani. Akikaribia, mikono yetu inasimama ndani ya ungo. Jioni moja akapita. Mke wa jirani akasahau kwamba tunasikiliza kwa siri, akapiga kelele, "Amevuka!" Ndani ya nyumba gitaa likanyamaza, kisha tukasikia kicheko. Wapenzi wake wa kwanza ndio sisi. Fulana hatukuwa nazo.

Mzee hakusikia lolote. Jioni aliketi mbali, penye zizi, akiipa nyumba mgongo. Kwake mwanawe alikuwa mtu anayejifungia ndani na ubao.

Ndipo akafanya alilolifanya. Alivuka mpaka, akazungumza na mwanamuziki aliyelitoa lile gitaa, na yule akakubali warudishiane. Kwa desturi ya mabadilishano ya ng'ombe, hilo linawezekana mradi mtamba hajazaa. Akizaa, amekwisha kuota mizizi kwa mwenyeji wake. Mzee alimwona mtamba kiwele kimeanza kujaa, kwa hiyo hakutaka kuchelewa. Alirudi akatangaza kwamba siku ya mnada wa Sirari, uliokuwa umekaribia, atalibeba gitaa mwenyewe.

Jioni hiyo kijana alipiga kile kipande na kukwama mahali ambapo hajawahi kukwama.

Habari ilifika Gorong'a haraka, kwa maana dada yake alifika kesho yake na mtoto mgongoni. Alimwamkia baba yake shikamoo, akala ugali, ndipo akaomba gitaa lipigwe. Akaweka sikio kwenye mlango kwa nje. Nilimwona kwa macho yangu. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulia.

"Tata," alimwita baba yake kwa Kikurya, "yule mtamba alitoka kwangu."

"Alitoka kwako ili kaka yako aoe."

"Basi ameoa."

"Ameoa nini?"

"Hilo gitaa. Si kwetu hapa mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke kwa jina la nyumba yake? Kama nyumba inaweza kuoa mke, mbona gitaa lisiolewe?"

Mume wangu alikohoa kuficha kicheko.

"Mke aliyetolewa ng'ombe hulima," mzee akasema. "Hili litalima nini?"

"Kesho ni zamu yetu kwenye shamba la kijiji. Liache lije lilime. Likishindwa, lipeleke Sirari, nami sitasema neno."

"Likilima, nitanyamaza."

Asubuhi tulipanga mistari ya kupalilia mahindi. Kijana alisimama pembeni na gitaa lake, akapiga. Kati yetu na yeye palikuwa na upepo, na upepo ulishinda. Vijana wenzake wakaanza: "Mura, limekufa? Tulizike hapa?" Dada yake alipalilia bila kuinua kichwa. Mzee alikuwa mstari wa mwisho, mbali kuliko wote, anapiga jembe kwa nguvu.

Kijana akaacha, akaenda kwenye pipa la maji ya kunywa lililoletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nadhani alikwenda kujificha tu. Alipoegemea, kichwa cha gitaa kikagusa mdomo wa pipa, na pipa likatoa sauti. Ilikuwa ndogo na nzito, kama mtu anayeongea akiwa na chakula mdomoni, lakini niliisikia nikiwa na jembe mkononi. Waliomaliza mstari wakaenda kunywa. Sauti ikaongezeka kidogo. Wengine wakanywa. Ikaongezeka tena.

Dada yake ndiye aliyetambua kwanza kwamba maji ndiyo yanayoimeza sauti. Aliinuka akapaza sauti, "Kunyweni maji, jamani! Gitaa limezama!"

Sijapata kuona kiu kama ile. Wanawake walikunywa wakiwa wamesimama, wakarudi kwenye mistari yao mbio, wakapalilia wakifuata mdundo ili wamalize na kunywa tena. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akifoka, "Mnamaliza maji ya mchana!" Mtu akampa kopo. Akanywa, akasikiliza, akaomba jingine. Kila maji yalivyoshuka, pipa lilizidi kufunguka, mpaka kile kipande nilichokijua kupitia mlango kikatandaa juu ya mahindi yote. Alipofika mahali pale pa juu, majembe yakasimama. Akavuka. Tukapiga vigelegele.

Mzee peke yake hakuwa amekunywa tangu asubuhi. Alimaliza mstari wake, akaweka jembe begani, akaja polepole mpaka penye pipa. Tukamwachia njia. Kijana alipomwona akaondoa mkono kwenye nyuzi.

Mzee alichungulia ndani. Maji yalibaki kidogo chini kabisa. Akainama, mkono mzima ukaingia, akachota, akanywa. Akachota tena, akanywa taratibu, kama mtu ambaye hana kiu ila ana kazi. Aliendelea mpaka tukasikia kopo linakwaruza bati.

Akalitundika kopo mahali pake, akajifuta mdomo.

"Sasa piga," akasema.