Gari la Mama Lililolala Chali

Palikuwa na fundi bodi mmoja, watu wakimwita Kiraka, ambaye hakuweza kupita kwenye kitu kilichotoboka akakiacha. Ndoo, mabati, hata suruali zake, vyote vilikuwa na viraka, na ukimtania alikuwa akicheka kabla yako. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwachia gari la marehemu mama yake, lililokaa uani miaka kumi na tisa likiliwa na kutu, unategemea nini?

Ila gari halikuwa lake peke yake. Mama yao alikuwa mkunga, na gari hilo ndilo lililomfikisha kwa wazazi wengi mvua inyeshe, isinyeshe. Aliwaachia wote wawili, Kiraka na dada yake mkubwa, na dada alikwishachoka kuliona.

"Mdogo wangu, hili si gari tena, ni banda la kuku lenye taa. Jumamosi saa sita anakuja mtu wa vyuma chakavu."

Kiraka akamwomba jambo moja tu. Chini ya gari kuna mbavu mbili ndefu za chuma, ndizo zinazobeba kila kitu. "Nitaligeuza ulione tumbo, dada. Mbavu zikiwa zimeoza, nitampakilia huyo bwana kwa mikono yangu. Zikiwa nzima, linabaki."

Dada akakubali. Alimjua ndugu yake, mkaidi lakini si mwongo.

Basi wiki nzima Kiraka akaunda kitu alichokiita bembea. Ni nguzo mbili za chuma zenye magurudumu, moja mbele ya gari na moja nyuma, gari likishikwa katikati kwa mhimili, ulizungushe kama nyama juu ya makaa. Akapima uzito ulipo, akatoboa mashimo, akatengeneza vishikio. Milango ilipotoka akachomelea mabomba kwenye nafasi zake, ili bodi lisijikunje likining'inia. Kazi safi kabisa. Halafu akang'oa injini, giaboksi, viti na matairi, likabaki ganda tupu, akalipandisha kwenye bembea.

Jumamosi asubuhi dada akafika na mkoba wake kwapani.

"Sogea kidogo, dada. Nikichomoa hii pini, nitaligeuza kwa kidole kimoja."

Akachomoa. Gari halikungoja kidole. Lilijibinua lenyewe, pruuu, likalala chali hewani likiyumbayumba, na kwenye matundu ya sakafu vikamwagika udongo, nati, vibanio vya nywele vya mama na nusu ya kitana. Kiraka alikuwa amerukia kwenye rundo la matairi.

Vumbi likatulia. Dada alikuwa ameshika ukuta, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Kidole chenyewe kiko wapi, fundi?"

"Kipo, dada. Gari limekitangulia."

Ndipo akakumbuka, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alipima uzito injini ikiwa bado ndani! Matumbo yalipotoka, paa ndilo likawa zito; sasa boliti za mhimili lazima zihamie upande wa paa, akamweleza dada. Kosa la mtu wa wiki ya kwanza gereji, naye kichwa kimejaa mvi. Akakimbilia mabomba ya milangoni, akayapapasa moja moja. Hayakupinda.

"Nipe nyundo," dada akasema.

Akagonga ubavu wa kulia, toka mbele mpaka nyuma: ngo, ngo, ngo. Akahamia wa kushoto: ngo, ngo, ngo. Karibu na mwisho ikalia pwe. Kiraka akafumba macho.

"Hapa je?"

"Hapo pameoza."

"Kiasi gani?"

Angeweza kusema ni rangi tu imevimba, dada asingejua. "Kiganja kizima, dada. Na mimi nilisema zikiwa nzima."

Dada akaweka kiganja chake juu ya pale palipooza. Kikapaziba sawasawa. Akatazama vibanio vya nywele pale chini.

Mtu wa vyuma chakavu akaingia uani anapangusa jasho. "Hodi! Mmenigeuzia kabisa? Ahsanteni, mmenirahisishia."

"Karibu, baba," dada akamjibu. "Una nguvu?"

"Ninazo, mama."

"Basi shika hapo nyuma. Hatuuzi, tunahamisha boliti. Hivi nimzike mtu mzima kwa ajili ya jino moja bovu?"

Yule bwana akatazama gari, akamtazama Kiraka aliyekuwa anakenua meno kama mtoto, akaguna. Lakini akashika. Boliti zilipokwisha kuhamia mashimo mapya, akaenda kwenye mkokoteni wake akarudi na kipande cha bati nene. "Haya, chukueni. Nilikuja kubeba chuma, naondoka nimeacha chuma. Biashara gani hii?"

Kiraka akaomba mkono wa dada, akauweka juu ya bati, akauchora kwa chaki kuuzunguka, vidole na vyote.

"Vidole vya nini?"

"Ili kutu ikirudi, ijue kuna mwenyewe."

Dada akajipangusa chaki. Halafu akanyoosha kidole kimoja, akalisukuma gari la mama. Likageuka polepole, bila kelele, likasimama pale alipotaka.

"Ona," akamwambia fundi. "Kidole ni hiki."