Chombo Kizima Hulia

Mtaa mzima ulimwita Bi Chupa, naye hakulikataa jina hilo, maana alijua waliompa walikuwa wanamwonea kijicho. Mwanamke gani mwingine angeokota chombo cha maua kilichotupwa na wenye nyumba zao, kimefubaa, kimegandwa na chokaa ya maji hadi shingoni, halafu akurudishie kitu ambacho ukikiweka mezani mgeni anasahau chai yake ikapoa? Hakuna. Alisema hivyo mwenyewe, tena mbele za watu, na aliyebisha alioneshwa mlango.

Kazi yake aliijua kama njia ya kwenda msalani gizani. Alishuka sokoni kwenye vyombo vya mtumba, akainama juu ya lundo, akachagua vya kioo tu. Nyumbani aliviloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni, akavisugua, akavifuta kwa spiriti mpaka kidole kikateleza. Kisha msasa mwembamba, kidogo tu, rangi ipate pa kushika. Rangi yenyewe aliichanganya na unga wa kuumulia keki, ikawa nzito yenye chembechembe, na ikikauka juu ya kioo ungeapa ni chungu cha udongo kilichofukuliwa shambani. Alipaka nje tu. Ndani hakugusa.

Lakini kabla ya maji na sabuni palikuwa na ukucha. Hapo ndipo alipoachana na wapakaji wa kubahatisha. Alikishika chombo shingoni kwa vidole viwili, akakiacha kining'inie, akakipiga kwa ukucha wa kidole cha kati, akasikiliza. Chombo kizima hulia, tiiing, sauti ndefu inayokawia kama mgeni asiyetaka kuaga. Chenye ufa hukohoa, tok, basi. Upo ufa mwembamba kuliko unywele, jicho haliuoni wala kidole hakiuhisi, ila sikio linaujua. Na ole wako ukipaka rangi juu yake. Rangi huziba macho na huziba sauti pia. Chombo kikishapakwa, kizima na kibovu vyote hukohoa sawa. Kile kibovu kitakaa kimya rafuni kwako, kizuri kama bibi harusi, kikingoja jua kali au uzito. Siku yake ikifika kinapasuka chenyewe, hakuna aliyekigusa, na kila kipande ni kisu.

"Mkono wa kupaka rangi kila mtu anao," aliwaambia wateja. "Sikio ndilo hamna."

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume, seremala. Mkewe seremala alikuwa mshonaji, mwenye ulimi mkali kama mkasi wake, na Bi Chupa alimpenda kwa sababu hiyo ingawa hakumwambia kamwe. Walipopata mtoto wao wa kwanza, binti, Bi Chupa aliwapelekea kazi yake bora kuliko zote: chombo kikubwa chenye tumbo, kioo kinene, amekipaka rangi ya majivu. Seremala akatengeneza rafu juu ya kitanda cha mtoto, pembeni mwa dirisha, akakiweka hapo. Mkewe akakijaza kokoto hadi katikati upepo usikiangushe, akachomeka vijiti vikavu. Kila aliyeingia kumwona mtoto alitazama rafu kwanza, ndipo kitanda.

Sasa basi. Tangu mvua zilizopita, watu walianza kunong'ona. Ndivyo alivyoona Bi Chupa. Muuza duka ananong'ona, jirani ananong'ona, hata redio ikawa na aibu, naye akazoea kutazama midomo ya watu bila kujijua. Maziwa yalifurika jikoni, kifuniko kikiruka juu ya sufuria, yeye amekaa chumba cha pili anapaka shingo ya chupa. Alilaumu sufuria.

Mkwewe aliliona mapema. Jumapili moja wamekaa barazani, na majirani wawili wakiwa hapo hapo, akamwambia, "Mama, twende hospitali wakuangalie masikio."

"Wakuangalie wewe mdomo! Umekula nini, mbona unaongea kama una pamba?"

"Nimekuita mara ngapi kutoka jikoni?"

"Ungeniita kwa adabu ningeitika."

Seremala akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mama, anakutakia mema."

"Sikieni, nyote," akasema Bi Chupa, akasimama kabisa. "Sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa. Langu zima. Siku nitakapokuwa kiziwi nitazitupa brashi zangu jalalani kwa mkono wangu huu, nifunge nyumba yangu, nije nikae kwenye kiti hicho mnilishe uji kwa kijiko. Mmeshuhudia?"

Walishuhudia. Na kila mtu alijua kwamba Bi Chupa akitamka, ameandika kwenye jiwe. Siku hizo hizo akaendelea kuuza. Mwalimu wa chekechea, yule anayekaa na watoto hadi wazazi watoke kazini, alikuja akachukua vitatu vikubwa, chekundu, cha manjano na cha bluu, avipange dirishani mwa darasa awafundishie watoto majina ya rangi. Bi Chupa alivifunga kwa magazeti, akajisifu mpaka mwalimu alipokata kona.

Ikaja siku ya soko. Muuza vyombo vya mtumba waliyemwita Kipara alimwona kwa mbali akainua mikono.

"Shikamoo, mama yangu mzazi!"

"Marahaba. Mimi sikukuzaa. Ningekuzaa ungekuwa na nywele."

Watu wakacheka, aliyaona meno yao. Akainamia lundo, akatoa chombo cha kijani, akakining'iniza, akakipiga ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakitia kapuni. Kipara akamshika mkono. Midomo yake ilikuwa ikienda.

"Unasemaje? Toa hiyo pipi mdomoni."

Kipara akasogea mpaka pua yake ikakaribia shavu lake. "Nasema hicho kina ufa, mama! Kimekohoa mpaka mimi nimesikia, na hapa spika inanipigia kelele tangu asubuhi. Si wewe uliyenifundisha?"

Spika ipi? Bi Chupa akageuka. Ilikuwa nyuma yake, kubwa kama kabati, na kitambaa chake kilikuwa kikitetemeka.

"Nimesikia," akasema. "Nilikuwa nakupima."

"Haya, mwalimu wangu. Nimefaulu?"

"Umefaulu." Akakirudisha kile chombo lundoni. Hakununua kitu siku ile.

Nyumbani alifunga mlango. Juu ya meza palikuwa na bilauri ya marehemu mumewe, nyembamba, nzima, aliyokuwa akiipiga ukucha kila alipomaliza kuiosha kwa sababu sauti yake ilimkumbusha mtu akiitwa kwa upole. Akaipiga. Hakuna. Pembeni palikuwa na jagi bovu la kuwekea brashi, lenye ufa uliojulikana miaka yote. Akalipiga. Hakuna. Akairudia bilauri, akalirudia jagi, akapiga kwa nguvu mpaka ukucha ukauma. Kidole kilisema kimegonga, sikio likakataa. Kizima na kibovu vilikuwa kitu kimoja, kama vyote vimekwisha pakwa rangi.

Ndipo akakumbuka rafu.

Alijaribu kuikumbuka sauti ya kile chombo cha majivu. Alikumbuka uzito wake, kwamba kilikuwa kizito mno kukining'iniza ikabidi akipakate kama mtoto. Alikumbuka alivyokipiga ukucha. Alikumbuka furaha. Sauti hakuikumbuka. Hakuikumbuka kwa sababu haikuwapo; aliisikia moyoni tu, alivyotaka kiwe kizima.

Jua lilikuwa limeshavuka katikati. Na dirisha lile la mtoto, alijua vizuri, hupigwa na jua la mchana wote.

Alikwenda bila kufunga kilemba sawasawa. Alipofika alipiga hodi, akangoja. Mwanamke yule hakuwahi maishani mwake kuingia kwa mtu bila kukaribishwa, hata kwa mwanawe. Watu wasio na malezi ndio hufanya hivyo. Akapiga tena. Kimya. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, ungefunguka kwa kidole. Akangoja, jasho likimtiririka. Mara mlango ukavutwa, mkwewe amesimama na futi ya kushonea shingoni.

"Mama! Nimekukaribisha mpaka koo limekauka. Unangoja zulia?"

"Shusha sauti, mtoto atashtuka."

"Amelala. Kuna nini? Mbona unahema?"

Bi Chupa akapita hadi chumbani. Mtoto alikuwa kitandani, chali, ngumi zimekunjwa kando ya masikio. Juu yake jua lilikuwa limekikamata chombo chote, na kokoto zilizomo ndani ziliyapa majivu yale uzito wa mlima. Akakigusa. Kilikuwa cha moto.

"Nimekuja kukichukua," akasema. "Nataka nikipake upya. Rangi imechuja."

"Imechuja wapi? Mimi ndiye ninayekifuta vumbi kila siku."

"Unabishana na mimi juu ya rangi?"

"Mama, nakujua. Kikitoka hapa hakirudi, utamuuzia yule aliyekuja kukitamani wiki iliyopita. Zawadi hainyang'anywi."

"Basi sogeza kitanda. Jua linamuunguza mtoto."

"Jua halimfikii, linaishia rafuni. Na nikikigusa hicho kitanda sasa ataamka, sitashona tena leo." Kisha akamtazama mama mkwe wake kwa makini. "Kwani hicho chombo kina nini?"

Hapo palitakiwa neno moja. Bi Chupa alilijua. Nyuma ya neno lile aliona brashi zake jalalani, mlango wake umefungwa kwa kufuli, kile kiti cha barazani, kijiko cha uji kikija mdomoni mwake mbele ya wale majirani wawili.

"Hakina kitu," akasema, akatoka.

Alifika barabarani. Akageuka kutazama, sijui kwa nini, pengine miguu ina akili kuliko kichwa. Kutoka pale aliliona dirisha, na ndani yake, juu ya rafu, kitu cheusi chenye tumbo kikiwa kimesimama katikati ya mwanga, kimetulia, kinangoja. Safari ile alirudi mbio, akapiga hodi na kuingia kwa pamoja.

"Mtoe mtoto!"

"Mama—"

"Mtoe! Sisikii! Sisikii, mwanangu! Sikukisikia kikilia!"

Mkwewe hakuuliza tena. Alimwinua mtoto na blanketi lake, akampeleka sebuleni, akarudi. Wakakishusha chombo pamoja, polepole, kama watu wanaobeba mgonjwa, wakakiweka ndani ya beseni uani. Bi Chupa akatoa kokoto moja moja. Hakikufanya kitu. Kilikaa tu, kizuri.

"Mbona kizima?" mkwewe akasema, na alilisema usoni kwake ili alione.

"Nipe wembe."

Alikwangua kuanzia kitakoni. Rangi aliyoipaka kwa mapenzi yote ilitoka kwa vipande, kioo kikachungulia, na hapo hapo, chini kabisa, ukaonekana mstari. Aliendelea kukwangua na mstari ukaendelea kupanda. Ulizunguka tumbo la chombo kama mzizi unaotafuta maji, ukafika ubavu wa pili. Alipoinua wembe, nusu nzima ya chombo ilijiachia yenyewe ikalala ndani ya beseni. Mkwewe aliruka nyuma akaziba masikio. Bi Chupa aliona tu. Kwake kilivunjika kimyakimya, kama kitambaa.

Mtoto alikuwa ameamka sebuleni. Mkwewe alikwenda akamchukua, akarudi amembana kifuani. Hakumkejeli. Laiti angemkejeli. Alisema maneno machache, na Bi Chupa aliyasoma midomoni.

"Mama, tangu lini?"

Tangu mvua? Kabla ya mvua? Ni kifuniko cha sufuria, au ni redio, au ni siku nyingine isiyo na alama, wakati alipopiga ukucha, moyo ukalia badala ya kioo, naye akatia chombo kapuni? Nyumba zikaanza kumpita machoni. Meza za watu. Vichwa vya kabati. Madirisha.

"Mwalimu," akasema.

"Nani?"

"Mwalimu wa chekechea. Dirishani."

Mkwewe alipiga kelele kwamba amngoje amfunge mtoto mgongoni waende wote. Majirani walisikia, mbwa wa mtaa wa pili alisikia. Bi Chupa alikuwa ameshatoka, wembe ungali mkononi, vumbi la rangi ya majivu limemjaa kwenye viganja.

Darasa lilikuwa chumba kimoja mwisho wa uchochoro, kikitazama magharibi, na jua la alasiri lilikuwa limejaa kwenye kioo cha dirisha lake. Alisimama akihema akatazama. Chekundu kilikuwapo. Cha manjano kilikuwapo. Pale pa kile cha bluu palikuwa patupu.

Ndani, watoto walikuwa wamesimama wote upande mmoja, vinywa vimeachama. Huenda walikuwa wakiimba. Huenda walikuwa wakilia. Mwalimu alikuwa ameinama chini, mgongo wake tu ndio ulioonekana. Bi Chupa alitega sikio lake lote, lile alilojivunia maisha yake yote, na hakupata hata chembe.

Hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa mikono miwili, akaingia.